Bwana wa Waya Aliyeipenda Nuru

Ikitajwa simu, hutajwa Alexander Graham Bell. Sote skuli tulifunzwa kuwa yeye ndiye bwana wa simu ya waya. Tusilofunzwa wengi wetu ni kwamba bwana huyo hakuihesabu simu ya waya kuwa ndiyo kazi yake kubwa. Na kwa kuwa mataifa yanaziondoa nyaya za shaba na kutandaza nyuzi za kioo, ziitwazo faiba, nimeona yafaa leo tuyatazame upya maisha yake.

Bell alizaliwa Edinburgh, Scotland, tarehe 3 Machi 1847. Babake alikuwa mwalimu wa matamshi. Mamake alikuwa mzito wa kusikia, na mtoto alizoea kumsemesha kwa sauti ya chini karibu na kipaji cha uso, ili mama aupate mtetemo wa maneno. Naona mimi, hapo ndipo ilipoota mbegu ya simu. Nduguze wawili walikufa kwa kifua kikuu, na mwaka 1870 wazazi wakahama naye, huyo mmoja aliyebakia, wakaenda Canada.

Baadaye alikwenda Boston, Marekani, kufundisha viziwi. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwako Mabel Hubbard, aliyepoteza kusikia kwa homa akiwa na umri wa miaka mitano. Wakaoana mwaka 1877. Ajabu ya dunia hii: aliyewapa watu sauti ya mbali, mkewe mwenyewe hakuweza kuisikia. Na viziwi wengi wangali wanamlaumu, kwani alishikilia wafunzwe kusema kwa mdomo, akaipinga lugha ya ishara madarasani.

Hati ya uvumbuzi wa simu aliipata tarehe 7 Machi 1876, na siku tatu baadaye akafaulu kumwita kwa waya msaidizi wake, Thomas Watson, aliyekuwa chumba kingine. Mvumbuzi mwengine, Elisha Gray, alikuwa amepeleka karatasi zake siku moja na Bell. Kesi zikafuatana miaka mingi, na Bell akashinda. Mwaka 1878 mji wa New Haven ulifungua kituo cha kuunganishia simu, na nyaya, kwanza za chuma kisha za shaba, zikaenea duniani.

Lakini moyo wa Bell ulikuwa umekwisha hama. Mwaka 1880, mjini Washington, yeye na Charles Sumner Tainter waliunda chombo walichokiita fotofoni. Mtu alisema mbele ya kioo chembamba; kioo kikatikisika, na mwali wa jua uliokipiga ukatikisika nacho. Upande wa pili palikuwa na seleniamu, madini ambayo nguvu yake ya kupitisha umeme hubadilika kwa mwanga. Ikaugeuza mwali ule kuwa sauti tena. Maneno yakasafiri yapata mita 213 bila ya waya wowote. Bell alifurahi hata akataka kumwita bintiye mchanga Photophone, mkewe akamkataza. Mpaka uzeeni alishikilia kuwa chombo hicho kimeipita simu.

Watu hawakumfuata, na walikuwa na haki. Wingu likipita, maneno yalikatika. Mvua ikinyesha, basi tena. Bell alifariki tarehe 2 Agosti 1922 huko Nova Scotia, Canada. Wakati wa maziko yake simu za Marekani na Canada zilinyamazishwa kwa dakika moja. Nuru yake ikabaki bila ya njia.

Njia ilikuja baadaye. Mwaka 1966 Charles Kao, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alionyesha kuwa kioo kilichosafishwa sawasawa kinaweza kuchukua nuru mbali. Mwaka 1970 wataalamu wa kampuni ya Corning ya Marekani wakakipata kioo hicho. Sasa mwali haujui wingu wala mvua. Mwaka 2009 mkongo wa TEAMS uliingia Mombasa kutoka Fujairah, kwenye njia ile ile ya bahari waliyoipita wazee wetu kwa majahazi.

Uingereza nako wamekusudia vituo vyao vya simu, vipatavyo 5,600, vibakie kama 1,000 tu. Lakini wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Msala huu haupiti, nakubali. Ila mbacha ule wa shaba ulikuwa na fadhila yake. Simu ya shaba hupata umeme wake kituoni, hata nyumba ikiwa gizani. Faiba haina hiyo: umeme ukikatika na betri haipo, simu nayo hufa. Huko Uingereza wako wazee wanaoishi peke yao, ambao kengele yao ya kuombea msaada hupitia simu hiyo. Kwa ajili yao hasa, siku ya kuizima simu ya zamani ilisogezwa kutoka Desemba 2025 hadi Januari 2027.

Walitenda vyema. Mtu aliyejifunza sauti kwa kumsemesha mamake asiyesikia asingependa nuru yake imwache mama wa mtu kizani, akiita asisikiwe.