Ibn Nafis, Faqihi Aliyeijua Mishipa ya Damu

Wanafunzi wa Mbeya na Iringa wanaijua baridi ya Juni na Julai. Ukitawadha alfajiri kwa maji ya bomba, vidole hufa ganzi, kwani mishipa midogo iliyo chini ya ngozi hujibana ili joto la mwili lisipotee. Ukisogelea jiko la mkaa mishipa hutanuka, damu hurudi. Kuna na kutanuka kwingine kusikongoja jiko: ukigusa kifundo cha mkono utausikia mshipa ukivimba kila moyo unapopiga. Kwa nini unavimba? Katika waliolijibu swali hili ni Ibn Nafis, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jina lake ni Alaud-Din Ali bin Abil-Hazm al-Qurashi. Alisomea utabibu Damascus, kisha akahamia Cairo, ambako alitibu wagonjwa na pia kusomesha fiqhi ya Imam Shafi, madhehebu yetu wengi wa huku.

Wakati huo neno la Jalinus, tabibu wa Kiyunani, halikupingwa kirahisi, na Ibn Sina mwenyewe alilifuata. Jalinus alisema ateri hutanuka kwa nguvu iliyomo katika kuta zake, na kwamba damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo kupitia vitundu visivyoonekana. Mwaka 1242, katika sharhi ya kitabu cha Ibn Sina, Ibn Nafis aliyakataa yote mawili. Moyo ukijikunja, ateri hutanuka. Moyo ukitanuka, ateri hujikunja. Ukuta ule hauna vitundu: damu hutoka upande wa kulia, hupita mapafuni, ndipo ikaingia kushoto. Alisema hata kuna njia ndogo baina ya mishipa ya mapafu, na hakuwa na darubini! Njia hizo zilionekana mwaka 1661.

Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba alipougua mara ya mwisho matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa. Akakataa. Alifariki mwaka 687 Hijria, yaani 1288, akiwa ameiachia hospitali ya Mansuri nyumba yake na vitabu vyake.

Ugunduzi wake ukasahauliwa, sifa wakapewa wengine wa Ulaya. Mwaka 1924 daktari wa Kimisri aliyekuwa akisoma Ujerumani, Muhyiddin al-Tatawi, aliikuta sharhi ile katika maktaba ya Berlin.