Fadhili William: Mdawida aliyekwenda mjini na ‘Malaika’

FADHILI William Mdawida alipofariki jijini Nairobi mnamo Februari 11, 2001, vijana wa jiji hilo walikuwa wakivaa suruali pana zilizoning’inia kiunoni na kughani mashairi ya Kalamashaka, kundi la hip hop kutoka mtaa wa Dandora. Ni wachache miongoni mwao ambao wangemtambua mzee huyo kama wangepishana naye barabarani. Lakini hapana hata mmoja aliyekuwa hajausikia “Malaika”. Wimbo huo ulikuwa umeimbwa arusini, shuleni na katika hoteli za watalii kwa miaka mingi kiasi kwamba wengi waliudhania kuwa wimbo wa kale usio na mwenyewe, mfano wa hadithi za sungura na fisi. Dhana hiyo ndiyo iliyomsumbua Fadhili kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Alizaliwa Novemba 11, 1938 katika eneo la Taita Taveta. Maelezo mengi huongeza kwamba ni karibu na Mombasa, ukaribu ambao labda huonekana na mtu anayetazama ramani ya Afrika nzima. Mji wa Voi peke yake uko yapata kilomita 160 kutoka baharini, na kutoka hapo milima ya Taita ingali mbele, upande wa magharibi. Hata hivyo, jina lake la mwisho lilitosha kuwa anwani. Mdawida ni Mtaita, mtu wa milima ya Dawida, na popote alipokwenda alikuwa akiitangaza asili yake bila kuulizwa.

Wadawida hawakuufahamu mji kwa kusimuliwa. Reli iliyotoka Mombasa ilipita Voi kabla ya kuufikia uwanda wa Nairobi mwaka 1899, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza wakajenga tawi kutoka Voi kuelekea Taveta, njia ambayo baadaye iliunganishwa na Moshi. Hivyo Voi ikawa njia panda: mashariki bandari, kaskazini-magharibi makao makuu ya serikali, magharibi Kilimanjaro na Tanganyika. Kijana wa milimani aliyetafuta kazi alishuka hadi stesheni au kwenye mashamba ya mkonge yaliyokuwa tambarare, kisha akachagua upande wa kwenda. Msomaji na aishike njia panda hiyo, kwa maana tutairejea.

Nairobi ya miaka ya 1950 haikuwa mji wa kumpokea kijana Mwafrika kwa mikono miwili. Hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 haikuondolewa hadi 1960. Waafrika walitengewa mitaa yao upande wa mashariki, Pumwani, Kaloleni, Ziwani na mingineyo, na mwendo wao ulichunguzwa. Ila ndani ya mitaa hiyo kulikuwa na kumbi za jamii, na mwishoni mwa juma kumbi hizo zilijaa wacheza dansi. Gitaa lilikuwa limeshika mahali pa kodiani. Kampuni za santuri zilikuwa na haja ya sauti mpya za Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kiliuza kutoka Mombasa hadi Kampala, na hata mashariki ya Kongo.

Katika mazingira hayo ndipo Fadhili alipoanza kujulikana, akiwa na bendi ya Jambo Boys. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa Equator, kampuni ya kurekodi iliyoendeshwa na Charles Worrod. Bendi ya studio hiyo, Equator Sound, ilikusanya watu ambao leo hutajwa kwa heshima: Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na vijana wawili waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya baadaye, Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma.

Hebu tutue kidogo kwenye jina la Tsotsi, kwa maana lina mavazi ndani yake. Katika vitongoji vya Johannesburg vya miaka ya 1940, tsotsi alikuwa kijana wa mtaani mwenye suruali iliyobana kifundoni, mwenye lugha yake ya mafumbo na tabia za kuigwa kutoka filamu za Marekani. Wazee walimwogopa, polisi walimwandama, wasichana walimtazama. Neno hilo lilisafiri na wahamiaji wa migodini hadi kaskazini, likaingia Nairobi likiwa jina la mpiga gitaa. Pamoja nalo likaja pigo la gitaa la kusini, jepesi na la kurukaruka, ambalo Kabaka na wenzake walilichanganya na mtindo wa twist uliokuwa umeenea duniani kutoka Marekani. Ikazaliwa twist ya Kiafrika. Vijana waliicheza wakiwa na suti nyembamba, tai za ukanda mwembamba na viatu vya ncha kali vilivyong’arishwa hadi mtu akajiona. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuiga mavazi ya Wamarekani weusi kulianza na hip hop anakosea kwa takriban miongo mitatu. Tofauti ni kwamba kijana wa twist alivaa ili aonekane amefanikiwa mjini. Aliyefuata suruali pana za miaka ya 1990 alivaa ili aonekane haombi ruhusa ya mtu.

“Malaika” wenyewe si twist. Ni wimbo wa taratibu wa kijana anayempenda msichana na kushindwa kumwoa kwa sababu hana mali. Hakuna hadithi iliyo rahisi zaidi ya hiyo, wala iliyo ya kweli zaidi kwa vijana wa wakati ule, waliokuja mjini kutafuta mahari na kukuta mshahara unaishia kwenye kodi ya chumba na chakula. Kiswahili chake ni chepesi, cha Pwani, kisicho na pambo. Fadhili aliuimba kwa sauti tulivu isiyojikaza. Ulirekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukarudiwa chini ya Equator, na ukasikika kila mahali penye gramafoni.

Kisha ukampita aliyeuimba. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri yao ya mwaka 1965, iliyoshinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 1967 ukarekodiwa na Hep Stars wa Uswidi. Mwaka 1981 ukawa zamu ya Boney M, na 1991 Angélique Kidjo wa Benin akauweka kwenye albamu yake ya Logozo. Orodha kamili ni ndefu mno kwa ukurasa huu.

Hapa inafaa kueleza jinsi fedha za muziki zinavyotembea, kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake. Mwimbaji hulipwa kwa rekodi yake mwenyewe. Mwingine akiuimba wimbo huo huo upya, mwimbaji wa kwanza hapati kitu. Anayelipwa mrabaha ni mtunzi na yule anayemiliki haki za utunzi. Katika Nairobi ya wakati ule, mwanamuziki kwa kawaida alipewa fungu la fedha siku ya kurekodi, akatia sahihi karatasi ambayo hakuwa na wakili wa kumsomea, akaenda zake. Makeba alipokuwa akishangiliwa ng’ambo, swali la nani alitunga “Malaika” halikuwa tena la fahari tupu. Lilikuwa na thamani ya nyumba na mashamba.

Fadhili alishikilia hadi kufa kwake kwamba wimbo ni wake. Lakini Adam Salim, mtunzi ambaye jina lake halikuvuma, naye alidai kuwa aliutunga katikati ya miaka ya 1940 kwa ajili ya msichana aliyempenda, ambaye wazazi walimwoza mtu mwenye uwezo. Madai yake yana uzito, na watafiti wengi wameyakubali kuwa yanaelekea ukweli. Kwa maoni ya mwandishi huyu, pande zote mbili zastahili kusikilizwa bila matusi. Enzi za gitaa la kavukavu, wimbo ulipita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, ukiongezwa ubeti hapa na kugeuzwa lahani pale, na aliyefika studio kwanza ndiye aliyeandikwa. Huenda Salim ndiye aliyeupanda mti. Fadhili ndiye aliyeufanya uonekane na dunia. Na wote wawili hawakulala juu ya utajiri, na hilo halina mzozo.

Miaka ya 1970 iliwaletea wanamuziki wa kizazi chake ushindani mkali kutoka kwa benga na bendi za Wakongo. Mavazi yakabadilika: suruali za bugaluu zilizopanuka kuanzia gotini, viatu vya soli ndefu, nywele za afro. Nyimbo nazo zikaanza kuutazama mji kwa jicho kavu zaidi. Gabriel Omolo, mwenzake wa Equator, alipata umaarufu kwa “Lunch Time”, wimbo unaowachora wafanyakazi wa Nairobi saa sita mchana, wenye fedha wakienda kula na wasio nazo wakienda kujilaza kwenye nyasi. Na Mtaita mwingine, Habel Kifoto, kiongozi wa bendi ya wanajeshi ya Maroon Commandos, aliimba “Charonyi ni Wasi” kwa lugha ya nyumbani, jina lenyewe likimaanisha kwamba safarini, ugenini, kuna taabu. Wimbo wa Kidawida ukachezwa na watu wasiojua hata neno moja la Kidawida. Fadhili alikuwa ameificha milima ndani ya jina lake. Kifoto aliitia ndani ya wimbo.

Katika miaka ya 1980 Fadhili alihamia Marekani, akaishi huko kwa zaidi ya mwongo mmoja. Hakuwa nyota huko. Alikuwa mhamiaji mmoja kati ya maelfu, katika nchi ambamo wimbo wake ulifahamika zaidi kwa jina la Makeba. Ndiyo miaka ambayo hip hop, iliyozaliwa Bronx jijini New York katika miaka ya 1970, ilitoka vichochoroni na kuanza kuuza kofia, viatu na lugha kwa dunia nzima. Mzee wa twist alikuwa akiishi katika nchi ya chimbuko la mtindo ambao ungekuja kuwateka wajukuu wa mashabiki wake.

Aliporudi Kenya katika miaka ya 1990, aliukuta tayari umefika. Biashara ya mitumba ilikuwa imefunguliwa, na katika soko la Gikomba, jirani na Pumwani ile ile ya kumbi za dansi, kijana aliweza kununua kwa bei ya chini jezi ya mpira wa kikapu na buti nzito zilizovaliwa kwanza Chicago. Kalamashaka walitoa “Tafsiri Hii”, wakaonyesha kwamba kughani kwa Kiswahili na Sheng si mzaha.

Turudi sasa Voi, kwenye njia panda tuliyoiacha, kwani kila njia ilipeleka kwenye hip hop ya aina yake. Ukifuata barabara ya kaskazini-magharibi unafika Nairobi, ambako Sheng ilitawala na hasira ya Dandora ikasikika. Ukishuka Mombasa ulikuta Ukoo Flani, waliotumia Kiswahili cha Pwani chenye mafumbo, na ambao baadaye waliungana na wenzao wa Nairobi kuwa Ukoo Flani Mau Mau. Ukipitia Taveta na Moshi hadi Arusha, ulikutana na X Plastaz, waliopanda jukwaani na shuka za Kimaasai na kuchanganya mighani yao na nyimbo za wafugaji. Kanda tatu, mavazi matatu, lafudhi tatu. Kwa ladha ya mwandishi huyu, Arusha waliwashinda wengine kwa mavazi na Mombasa kwa lugha, ingawa anajua Wanairobi hawatakubali.

Kizazi hicho kilikuwa na desturi moja ambayo Fadhili na wenzake hawakuwa nayo. Msanii wa kughani hujitaja. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha, umekwisha kusikia jina lake, la mtaa wake, na pengine la aliyetengeneza mdundo. Wazee wengi hulichukia jambo hilo na kuliita majivuno. Lakini mtazame mtu aliyeimba wimbo wa kupendeza bila kujitaja ndani yake, jina lake likabaki kwenye kikaratasi cha duara katikati ya santuri, kikaratasi ambacho kila kampuni ya ng’ambo iliweza kukichapa upya.

Fadhili alikuwa na umri wa miaka 62 alipofariki. Novemba mwaka huo huo wa 2001 akafuata Daudi Kabaka, mfalme wa twist. Mwaka huo pia Bunge la Kenya lilipitisha Sheria mpya ya Hakimiliki, iliyounda Bodi ya Hakimiliki na kumpa msanii njia iliyo wazi zaidi ya kudai kilicho chake. Ilianza kutumika mwaka 2003.