Nukta Sita za Mwana wa Fundi

Kila kinapoletwa chombo kipya mbele ya wananchi, iwe ni mashine ya kiwandani, fomu ya ofisini au simu ya mkononi, husifiwa kwamba ni rahisi. Sifa hiyo ni njema, lakini ndani yake limo swali ambalo mara nyingi haliulizwi: rahisi kwa nani? Kwa yule aliyekiunda, kwa yule anayekigawa, au kwa yule atakayekitumia mchana kutwa? Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyelijibu swali hilo akiwa kijana wa miaka 15 tu, na ambaye jibu lake lingali vidoleni mwa watu duniani kote. Mtu huyo ni Louis Braille wa Ufaransa, aliyebuni maandishi ya wasioona ambayo kwa Kiswahili tunayaita nukta nundu.

Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, yapata kilometa 40 mashariki ya Paris. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi, mtengenezaji wa matandiko na hatamu za farasi. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu aliingia karakana akauchukua msharasi, yaani ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akataka kufanya kama alivyomwona baba yake akifanya. Msharasi ukamponyoka, ukamchoma jicho. Jicho likaingia usaha, maradhi yakahamia jicho la pili, na alipofikia miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Katika zama hizo watoto wengi wasioona wa watu wa hali ya chini hawakuwa na njia mbele yao isipokuwa kukaa barabarani na kunyoosha mkono. Wazazi wa Braille hawakuikubali njia hiyo. Padri na mwalimu wa kijiji waliwasaidia, na mtoto akaketi darasani pamoja na wenzake, akijifunza kwa masikio. Akili yake ilipodhihirika, alipelekwa Paris mwezi wa Februari 1819, akiwa na miaka 10, katika shule ya kifalme ya vijana wasioona. Shule hiyo ilianzishwa na Valentin Haüy mwaka 1785.

Yatupasa kumtendea haki Haüy. Yeye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza walioamini kwamba asiyeona aweza kusoma, akamtengenezea vitabu. Njia yake ilikuwa kuchukua herufi za kawaida na kuzikandamiza katika karatasi iliyoloweshwa, hata zikasimama juu ya ukurasa ziweze kupapaswa. Mgeni mwenye macho aliyeitembelea shule aliuona mfumo huu kuwa rahisi kupita kiasi: herufi ni zile zile alizozijua tangu utoto, hana haja ya kufundishwa jambo jipya. Lakini urahisi huo ulikuwa wa mgeni, haukuwa wa mwanafunzi. Herufi zilibuniwa kwa ajili ya jicho, ambalo huona umbo zima kwa mara moja. Kidole chahitaji kuzunguka kila pembe na kila tao kabla ya kutambua ni herufi gani, na msomaji alipofika mwisho wa neno alikuwa karibu amesahau mwanzo wake. Vitabu vilikuwa vikubwa, vizito, vya gharama, tena vichache. Na kubwa zaidi, mwanafunzi hakuweza kuandika kwa mkono wake akasoma alichoandika. Alikuwa mtu wa kupokea maneno ya wengine, asiyeweza kuyatunza ya kwake.

Mwaka 1821 shule iliufahamu mfumo mwingine, uliobuniwa na Charles Barbier, mtu aliyewahi kuwa afisa wa kikosi cha mizinga. Barbier aliacha herufi kabisa, akatumia nukta zilizotuna. Hapo alipata jambo kubwa, kwa kuwa kidole huitambua nukta upesi kuliko mstari. Lakini alama zake zilijengwa juu ya safu mbili za nukta sita sita, jumla 12, na kidole kimoja hakikuweza kuifunika alama nzima, ikambidi msomaji akipandishe na kukishusha. Tena alama hizo zilisimama badala ya sauti tu. Hazikuonyesha tahajia ya maneno, hazikuwa na vituo vya uandishi, wala hazikuandika hesabu au muziki.

Wasomaji wetu waliangalie kosa hili kwa makini, maana ndilo linalorudiwa hata leo. Barbier aliweka uzito mahali palipotakiwa wepesi, na wepesi mahali palipotakiwa uzito. Alama yenyewe, ambayo kidole hukutana nayo maelfu ya mara kwa siku, aliifanya kubwa na ya kuchosha. Lakini elimu iliyopitishwa na alama hizo aliipunguza, kana kwamba asiyeona hahitaji kujua maneno yanavyoandikwa sawasawa, wala kupiga hesabu, wala kusoma noti za muziki.

Kijana Braille alilitambua hilo kwa sababu kidole kilikuwa chake. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, naye alikilalia. Alifanya kazi usiku baada ya masomo, na wakati wa likizo alipokuwa nyumbani Coupvray, akipunguza, akijaribu, akipunguza tena. Kufikia mwaka 1824 alikuwa amepata alichokitafuta: nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu, alama inayoenea yote chini ya ncha ya kidole kimoja bila kukisogeza.

Mtu aweza kudhani kwamba nukta sita ni kitu kidogo mno. Lakini kwa kuchagua ni zipi zitune na zipi zisitune, nukta hizo sita hutoa alama 63 mbalimbali. Naye Braille hakuzigawa ovyo. Herufi kumi za kwanza hutumia nukta nne za juu peke yake. Herufi kumi zinazofuata ni zile zile za kwanza, ila kila moja imeongezwa nukta ya chini upande wa kushoto. Kundi la tatu ni zile zile tena, zikiongezwa nukta zote mbili za chini. Kwa hiyo anayejifunza alama kumi amekwisha shika ufunguo wa alfabeti nzima. Katika nukta nundu zinazotumika sasa, herufi hizo kumi za kwanza zikitanguliwa na alama ya namba huwa tarakimu. Na nukta hizo hizo Braille alizitumia kuandika muziki, fani aliyoijua vizuri, kwani alikuwa mpiga kinanda katika makanisa ya Paris.

Hapo ndipo ulipo ustadi wa mtu huyu. Alipunguza mzigo wa kidole, lakini hakuipunguza haki ya akili. Alama ilikuwa nyepesi ili elimu iweze kuwa nzito.

Kitabu chake cha kwanza juu ya mfumo huu kilitoka mwaka 1829. Ndani yake mlikuwa bado na alama zilizochanganya nukta na vistari. Matumizi yakaonyesha kwamba vistari vilikuwa na taabu, na katika chapa ya pili ya mwaka 1837 vikaondoka, zikabaki nukta. Kuandika pia kulikuwa kwepesi: karatasi, kibao chenye matundu ya kuongoza mkono, na kifaa kidogo chenye ncha, kinachofanana na msharasi wa karakana ya baba yake. Mwandishi hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanafunzi aliweza kuandika barua kwa rafiki yake asiyeona, na kuweka kumbukumbu zake mwenyewe.

Wenye macho hawakupendezwa wote. Walalamikaji walisema kwamba nukta hizi hazifanani na maandishi ya watu, na kwamba zitawatenga wasioona na jamaa zao. Braille hakuyapuuza maneno hayo. Mwaka 1839 alitangaza njia nyingine ya kuandika herufi za kawaida kwa nukta, ili asiyeona aweze kumwandikia mwenye macho. Njia hiyo ilikuwa ndefu na ya polepole, hata mwaka 1841 Pierre Foucault, ambaye naye hakuwa na macho, akaiundia mashine. Mashine ilikuwa na vipande vingi, lakini vilikuwa na kazi. Braille hakuwa adui wa vitu vyenye mambo mengi. Alichokikataa ni mzigo usio na faida kwa anayeubeba.

Mwaka 1840 shule ilipata mkurugenzi mwingine, na nukta zikapigwa vita madarasani, zikarudishwa herufi za kupapasa. Hata hivyo wanafunzi hawakuacha kuziandika kwa siri. Tunapenda jambo hili likumbukwe: mfumo uliohifadhiwa na wanafunzi bila amri ya mtu yeyote, tena kinyume cha amri, hauhitaji ushahidi mwingine wa ubora wake. Naibu wa mkurugenzi, Joseph Guadet, alikubali kushawishika, na jengo jipya la shule lilipofunguliwa rasmi mwezi wa Februari 1844, nukta zilionyeshwa mbele ya wageni na kusifiwa.

Braille alikuwa amekwisha shikwa na kifua kikuu tangu ujana wake. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, akiwa na miaka 43. Shule yake iliukubali mfumo wake rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kifo chake.

Ushindi wa nje ulikuja kwa njia ile ile. Katika Uingereza palikuwa na mifumo mingi iliyoshindana, kila mmoja ukiwa na watetezi wake. Mwaka 1868 daktari Thomas Rhodes Armitage, aliyekuwa akipoteza macho, alianzisha chama pamoja na wenzake wasioona. Waliamua kwamba watakaohukumu mifumo hiyo wawe watu wanaosoma kwa vidole vyao, wanaoijua zaidi ya mmoja, na wasio na faida ya fedha katika wowote. Baraza hilo lilichagua nukta za Braille. Mwaka 1878 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris uliziunga mkono. Kwa wasemao Kiingereza pande zote mbili za bahari ya Atlantiki, mapatano ya mfumo mmoja yalipatikana mwaka 1932. Katika nchi zetu nukta hizo zilifika pamoja na shule za wasioona, kama ile ya Thika iliyoanzishwa mwaka 1946 na ile ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Siku hizi, katika vifaa vya kompyuta, nukta sita zimeongezwa zikawa nane, kwa kuwa kazi yenyewe ilitaka alama zaidi. Hilo nalo ni fundisho: urahisi si kuganda mahali pamoja.

Twarudi, basi, kwenye swali letu. Kiwandani, mhandisi aweza kuufanya ubao wa mashine upendeze kwa kuficha swichi, kumbe amemwongezea mwendeshaji hatua tano kila anapotaka kuisimamisha. Ofisini, fomu aweza kuonekana safi mezani kwa karani, kumbe mkulima hapati mahali pa kueleza shida yake. Simu yenye uso wa kioo kitupu ni nzuri kwa jicho, lakini asiyeona hakuweza kuitumia mpaka ilipofundishwa kumsomea kwa sauti. Kwa upande mwingine tusije tukamdharau mwananchi kwa kudhani kwamba kila kitu chake lazima kiwe chepesi na kidogo. Mfanyakazi aweza kabisa kuelewa mambo mazito, almradi chombo alichopewa kisimchoshe kabla hajayafikia.

Wito wetu kwa viongozi, wahandisi na watunga fomu ni huu. Kabla chombo hakijatangazwa kuwa rahisi, apewe kwanza yule atakayekitumia, na neno lake lisikilizwe kabla ya neno la mgeni. Nanyi wafanyakazi msinyamaze mkiona mzigo umewekwa mahali pasipo pake. Yule mwenye kidole ndiye ajuaye.

Mwaka 1952, miaka 100 baada ya kifo chake, Ufaransa iliuhamisha mwili wa Louis Braille kutoka kijijini kwao na kuuzika Paris katika Panthéon, pamoja na watu wake wakuu. Coupvray ilibakia na mikono yake, nayo ingali huko katika makaburi ya kijiji.