Mathias Kalemba, Shahidi Aliyerithi Swali

Kila mwaka tarehe 3 Juni tunapowaadhimisha Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, mawazo yetu huwaendea zaidi vijana wa ikulu waliochomwa moto Namugongo. Mara hii tunapenda kumsimulia mmoja wa wafiadini hao aliyekuwa mtu mzima wa miaka 50 hivi, na ambaye safari yake ya imani ilianza na swali. Tunamsimulia kwa sababu katika madarasa ya kipaimara na katika jumuiya zetu ndogondogo, hapa Nyarugusu na kwingineko, kijana anayeuliza sana bado hunyamazishwa, kana kwamba ameanza kuasi. Wengine hunyamaza kweli, kisha hawaonekani tena kanisani.

Mathias Kalemba alizaliwa Busoga, mashariki mwa Mto Nile, yapata mwaka 1836. Akiwa mtoto alitekwa, akapelekwa Buganda kuwa mtumwa. Mtu aliyempata, jina lake Magatto, hakumtendea kama mtumwa bali alimlea kama mwanawe. Mzee huyo alikuwa na shauku isiyotulia: aliamini kwamba watu wake hawakuwa bado na ukweli kuhusu Mungu, naye aliutafuta moyoni mwake. Jambo hilo alimweleza kijana mara nyingi, na kabla ya kufa alimwambia kwamba siku moja watakuja watu wa kuwafundisha njia iliyo sawa. Huo ndio urithi ambao Kalemba aliuchukua maishani.

Basi Uislamu ulipoenea Buganda, alidhani waliotabiriwa wamefika, akaushika. Mwaka 1877 wakaja wamisionari Waanglikana, naye akaenda kuwasikiliza na kujifunza kwao. Mwaka 1879 wakaingia Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Kalemba alisikia mengi mabaya yakisemwa juu yao. Hakuyakubali wala hakuyakataa kwa kusikia tu. Alikwenda mwenyewe kuwaangalia wanavyoishi, na mwaka 1880 akaomba kufundishwa.

Huenda msomaji akasema mtu huyu alikuwa kigeugeu. Sisi hatuoni hivyo. Alikuwa amepanda cheo katika utumishi wa chifu wa Ssingo, huko Mityana, na jina la Mulumba analoitwa lilikuwa ni la cheo hicho. Hakuwa na haja ya kuhangaika. Wachimbaji wetu hawanunui jiwe kwa kung'aa kwake. Hulisaga kwenye karasha, huliosha, hutazama kilichobaki, na hakuna anayewalaumu kwa kutoliamini jiwe. Kalemba aliipima hivyo habari ya Mungu, kwa kuwa aliithamini.

Kanisa nalo halikumharakisha. Askofu Mkuu Lavigerie, mwanzilishi wa Shirika hilo, alitaka wakatekumeni wa Afrika wafundishwe kwa miaka minne. Mathias alibatizwa tarehe 28 Mei 1882, baada ya miaka karibu miwili ya kujifunza. Alikuwa na wake kadhaa. Akabaki na mmoja. Akajifunza ufinyanzi na kazi ya ngozi, apate riziki kwa mikono yake, na akabeba mizigo hadharani ingawa mtu wa cheo chake hakutarajiwa kufanya hivyo.

Miezi michache baadaye, Novemba 1882, mapadre waliondoka Buganda, wakavuka ziwa na kuja upande wetu wa kusini, Usukumani. Bukumbi, karibu na Mwanza, ndiko walikokaa mpaka mwaka 1885. Kwa hiyo wakati mbegu ya imani ikipandwa kando ya ziwa letu, Wakristo wa Buganda walibaki bila padre, bila Misa. Huko Mityana waliofundisha walikuwa Mathias na wenzake, Luka Banabakintu na Noe Mawaggali. Mara nyingi tumejiuliza kwa nini kundi lile halikutawanyika. Jibu letu ni hili: aliyeyatafuta majibu kwa miaka mingi anaweza kukaa na anayeuliza pasipo kuogopa wala kukasirika.

Mateso ya Kabaka Mwanga yalipopamba moto mwaka 1886, Mathias na Luka walikamatwa. Mbele ya Katikiro, Mathias ndiye aliyeulizwa maswali, naye hakukwepa hata moja. Alipokejeliwa kama Mungu wake atamwokoa, alijibu kwamba atamwokoa, ila wao hawataona jinsi atakavyofanya, kwa maana ataichukua roho na kuwaachia mwili tu.

Tarehe 27 Mei, kwenye kilima cha Kampala ya Kale, walimkata mikono na miguu, wakamwacha hapo peke yake. Siku kadhaa baadaye watu waliopita kukata matete walisikia sauti ikiomba maji. Walipoona hali yake wakakimbia kwa hofu. Alifariki yapata tarehe 30 Mei. Papa Benedikto XV alimtangaza mwenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo VI akamtangaza mtakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, pamoja na wenzake 21. Siku hiyo Papa aliwakumbuka pia Waanglikana waliouawa kwa ajili ya Kristo katika mateso yale yale, ndugu wa wale ambao Mathias aliwahi kuketi kwao akiuliza.