MARTIN LUTHER NA HAKI ITOKAYO KWA MUNGU

Kila mtu mwenye kumwogopa Mungu hufikia siku ya kujiuliza kama amefanya ya kutosha ili Mungu amkubali. Leo tunaeleza maisha ya mtu ambaye ulizo hilo lilimtesa miaka mingi.

Martin Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483 huko Eisleben, Ujerumani. Baba yake, Hans, alikuwa mtu wa kazi ya shaba, naye alitamani mwana wake asome sheria. Lakini katika mwezi wa Julai 1505, kijana huyo akiwa njiani kurudi masomoni Erfurt, radi ilipiga karibu naye. Kwa hofu ya kifo akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Baba alikasirika sana, lakini kisha wiki mbili mwana aliingia nyumba ya watawa wa Augustino.

Humo alifunga, alikesha, alisali katika baridi kali. Aliungama zambi kwa masaa mengi, hata mkubwa wake, Johann von Staupitz, akachoka kumsikiliza. Mwaka 1507 akawa padri. Hata hivyo amani haikuja. Alipomaliza kuungama, alikumbuka zambi nyingine. Mungu alikuwa kwake hakimu tu.

Mwaka 1512 alipewa cheo cha doktere wa teolojia, akafundisha Biblia huko Wittenberg. Katika Waroma 1:17 neno moja lilimsumbua: haki ya Mungu. Alifikiri ndiyo haki ambayo Mungu huazibu nayo wenye zambi. Baada ya kutafakari usiku na mchana, akatambua kwamba ni haki ambayo Mungu humpa mwenye zambi bure, kwa imani, kwa ajili ya Kristo. Kristo amechukua zambi zetu. Sisi tunapokea haki yake. Mungu hangoji mtu awe mwema kwanza. Anamhesabia haki, na kutoka hapo anamgeuza.

Wakati ule barua za msamaha ziliuzwa kwa feza, na sehemu ya feza hiyo ilijenga kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Maskini walitoa senti zao ili kupunguza azabu ya wafu wao. Tarehe 31 Oktoba 1517, Luther aliandikia askofu mkuu wa Mainz na kumtumia mashauri 95 juu ya jambo hilo. Mwaka 1521 Papa alimtenga na Kanisa, naye akasimama huko Worms mbele ya kaisari Karoli wa Tano, akakataa kukana maandiko yake. Alipofichwa katika ngome ya Wartburg, alitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likatoka mwaka 1522.

Je, mafundisho haya yanaruhusu mtu kutenda zambi? Hapana. Katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo, cha mwaka 1520, alifundisha kwamba matendo mema hufuata imani, kama vile mti mwema huzaa matunda mema. Tunda halifanyi mti.

Naye mwenyewe hakuwa bila kosa. Mwaka 1525 aliandika kwa ukali juu ya wakulima walioasi, na mwaka 1543 juu ya Wayahudi maneno mabaya ambayo hatuwezi kuyafuata. Mtu huyo pia alihitaji neema aliyoihubiri. Alikufa Eisleben tarehe 18 Februari 1546. Na tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Wakatoliki na Waluteri walitia sahihi tangazo la pamoja juu ya kuhesabiwa haki kwa neema.

Wapendwa, tufunge, tukeshe, tutoe sadaka. Ni mambo mema. Lakini yasiwe feza ya kununua mbingu. Mama asiye na kitu cha kuleta mbele ya mazabahu asirudi nyumbani akifikiri mlango umefungwa. Na yule anayetoa sana asifikiri kwamba Mungu ana deni lake. Mlango ni mmoja kwa wote wawili, nao ni Kristo. Tuingie kwa imani, kisha tumtumikie kwa furaha, kama watoto nyumbani mwa baba yao.

Amina.