Siti binti Saad

Siti binti Saad (Fumba, Unguja, 1880 – Zanzibar, 8 Julai 1950) alikuwa mwimbaji wa taarabu kutoka kisiwa cha Unguja. Anahesabiwa kuwa mwimbaji mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilirekodiwa kwenye santuri. Yeye na kundi lake ndio walioitoa taarabu katika majumba ya wakubwa na kuifikisha kwa watu wa kawaida, tena kwa lugha yao wenyewe, yaani Kiswahili.

Anakumbukwa pia kwa jambo jingine. Katika zama ambazo mwanamke maskini hakuwa na kura wala mtu wa kumsemea serikalini, Siti aliimba hadharani juu ya dhuluma walizotendewa wanawake, na hata juu ya hukumu za mahakama zilizowaumiza wasio na hatia. Ndiyo maana jina lake limeendelea kutumiwa na watetezi wa haki za wanawake na watoto wa Tanzania miongo mingi baada ya kifo chake.

Kuzaliwa na utoto

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kwenye rasi iliyopo kusini mwa mji wa Zanzibar. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, na mama yake wa asili ya Kizigua. Unyamwezi ni nchi ya bara, kusini mwa Ziwa Viktoria. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilipita huko ikielekea pwani na pembe za ndovu na watumwa, na watu wengi wa bara walijikuta Unguja kwa njia hiyo.

Jina alilopewa mtoto huyo alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Jina hilo lilionyesha hali ya ukoo wake katika jamii ya wakati ule. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea majumbani na mashambani. Amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa ilitolewa mwaka 1897, Siti akiwa binti wa miaka 17 hivi. Hata amri hiyo haikuwagusa wote sawasawa: masuria waliachwa nje, kwa hoja kwamba hali yao ilifanana na ya wake wa nyumbani. Walisubiri hadi mwaka 1909 ndipo sheria ikawahusu nao. Kwa hiyo katika Unguja aliyokulia Siti, uhuru wa mwanamke ulikuja nyuma ya uhuru wa mwanamume.

Siti hakupata elimu ya shule. Kazi aliyofundishwa ni ile ya wanawake wa Fumba, yaani ufinyanzi. Alifinyanga vyungu pamoja na mama yake, kisha akavichukua kichwani kwenda kuviuza mjini na vijiji vya njiani. Alinadi vyungu vyake kwa kuimba, na inasimuliwa kwamba wateja waliijua sauti yake ingali mbali. Kabla ya kuwa kipaji cha kusifiwa, sauti hiyo ilikuwa chombo chake cha kutafutia riziki.

Aliolewa na kupata mtoto, lakini ndoa haikudumu. Akabaki mwanamke wa shamba asiye na mume, mali wala ukoo wenye jina.

Kuhamia mjini

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini. Mji wa Zanzibar wakati huo ulikuwa na sehemu mbili zilizotengwa na mkono wa bahari. Upande mmoja ni Mji Mkongwe wenye nyumba za mawe, makao ya Sultani, ofisi za Waingereza na maduka ya wafanyabiashara. Upande wa pili ni Ng'ambo, mtaa wa nyumba za udongo na makuti, ambako waliishi vibarua, wachukuzi, wavuvi, mafundi na wengi waliokuwa watumwa au wana wa watumwa. Siti aliishi na kufanya kazi zake miongoni mwa watu wa Ng'ambo.

Huko mjini alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyeitambua sauti yake na kumfundisha uimbaji wa taarabu. Alijifunza pia kuimba kwa Kiarabu, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya taarabu.

Polepole kundi lilijijenga pembeni yake. Wanamuziki wanaotajwa zaidi ni Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruk Talsam na Mwalim Shaaban. Ala zao zilikuwa udi, fidla na ngoma ndogo za mkono. Siti akawa sauti kuu ya kundi ambalo wengine wote walikuwa wanaume, jambo lisilo la kawaida kwa wakati ule. Katika miaka hiyo ndipo jina la Mtumwa lilipoachwa, akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima.

Taarabu kwa Kiswahili

Taarabu ililetwa Zanzibar katika enzi ya Sultani Barghash (1870–1888), aliyemtuma kijana Misri kwenda kujifunza muziki huo ili autumbuize jumbani. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha chama cha muziki cha Nadi Ikhwani Safaa. Hata hivyo taarabu ilibaki burudani ya wenye nafasi, na maneno yake ya Kiarabu hayakueleweka kwa wakazi wengi wa kisiwa.

Siti aliimba mbele ya Sultani na katika nyumba za matajiri, ambako alitakiwa kuimba Kiarabu. Usiku mwingine aliimba Ng'ambo kwa Kiswahili, na nyumba yake ikawa baraza. Jioni majirani na marafiki walikuja kusikiliza mazoezi, kunywa kahawa na kupashana habari za siku: nani kaachwa, nani kadhulumiwa mshahara, nani kafungwa na kwa kosa gani. Habari hizo zilijadiliwa na kutiwa katika beti. Kwa hiyo nyimbo nyingi za kundi hilo zilitokana na mambo ambayo wasikilizaji wenyewe waliyaona au kuyasikia mtaani.

Safari ya Bombay na santuri

Mwaka 1928 Siti na kundi lake walisafiri kwa meli hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo zao katika kampuni ya Gramophone, iliyotumia chapa ya His Master's Voice. Mwanamke aliyewahi kutembeza vyungu kwa miguu sasa alivuka bahari kwa ajili ya sauti yake.

Santuri hizo zilipofika Afrika Mashariki zilinunuliwa kwa wingi, na kampuni nyingine nazo zikaanza kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Siti alirekodi tena katika miaka iliyofuata. Sauti yake ilisikika kwenye gramafoni za mahoteli na majumbani, visiwani na katika miji ya pwani na bara.

Santuri ilibadilisha pia nguvu ya maneno yake. Wimbo ulioimbwa barazani uliweza kusahauliwa kesho yake, lakini uliotiwa kwenye santuri ulichezwa tena na tena, hata mbele ya watu wasiomjua mtendaji wala mtendewa.

Wimbo wa Kijiti

Miongoni mwa nyimbo za Siti zinazohusu wanawake, unaojulikana zaidi ni Kijiti. Unasimulia tukio la mauaji lililotikisa Unguja. Mwanamke mjamzito kutoka Dar es Salaam alikuja kisiwani kutembea. Alichukuliwa na wenyeji kwenda kwenye starehe, na humo alikuwemo mwanamume aliyeitwa Kijiti. Mwanamume huyo alimbaka na kumuua, na mtoto aliyekuwa tumboni akafa pamoja na mama yake.

Kijiti alitoroka, akavuka bahari hadi bara. Waliofikishwa mahakamani ni wanawake wawili waliokuwa pamoja na marehemu, ambao walipaswa kuwa mashahidi. Badala ya kusikilizwa kama mashahidi, walihukumiwa na kufungwa. Muuaji akabaki huru.

Wimbo unayapanga mambo hayo kama hadithi: safari ya mgeni, matembezi, mauaji, kutoroka, kisha mahakama. Siti hakutoa hotuba ndani yake. Alimtaja mhalifu kwa jina, akaonyesha jinsi hakimu alivyowashukia wanawake wale, na kumwachia msikilizaji apime mwenyewe kama hiyo ilikuwa haki. Mambo mawili yalitoka wazi. La kwanza ni kwamba mwanamke aliyeuawa hakustahili kulaumiwa kwa kutoka matembezini. La pili ni kwamba mahakama yenyewe inaweza kuwa mahali pa dhuluma, pale inapowaadhibu wanyonge waliopo kwa sababu mkosaji hayupo.

Nguvu ya wimbo katika zama zake

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, yafaa kukumbuka jinsi Zanzibar ilivyotawaliwa wakati huo. Tangu 1890 visiwa vilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, Sultani akiwa amebakiwa na kiti. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1926, lakini halikuwa na mjumbe Mwafrika hadi mwaka 1946. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1957, miaka 7 baada ya kifo cha Siti, na wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura. Walipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1961.

Katika mahakama za juu mahakimu walikuwa Waingereza. Mwanamke wa Ng'ambo asiyejua kusoma, akisimama mbele ya hakimu kama huyo, alitegemea mkalimani kueleza yaliyompata. Malalamiko yake hayakuwa na pengine pa kwenda. Wimbo ulikuwa mojawapo ya njia chache zilizobaki. Haukuhitaji kusoma na kuandika, uliingia katika nyumba ambazo wanawake hawakutoka ovyo, na ulieleweka na tajiri na maskini.

Haiwezekani kusema kwamba nyimbo za Siti zilibadilisha sheria za wakati wake. Walichopata wanawake waliozisikiliza ni kusikia mateso yao yakitajwa waziwazi kuwa ni makosa ya waliowatesa, na si aibu ya walioteswa.

Kejeli na jibu lake

Umaarufu wa Siti uliwachukiza baadhi ya watu. Wapinzani walitunga wimbo wa kumkejeli wakimkumbusha kwamba alikuja mjini kutoka shamba akiwa fukara aliyevaa kaniki, na kumcheka kwa ukoo wake na sura yake. Kwa mwanamke mwenye asili ya utumwa, maneno hayo yalikusudiwa kumrudisha mahali walipodhani panamfaa.

Siti alijibu kwa wimbo pia. Hakukana kwamba alitoka katika umaskini, wala hakujidai kuwa na ukoo mkubwa. Alieleza kwamba uzuri wa sura na nasaba si hoja, na kwamba mtu hupimwa kwa akili na mwenendo wake. Jibu hilo lilipata kuwa maarufu kuliko kejeli yenyewe.

Miaka ya mwisho na kifo

Katika miaka ya mwisho ya maisha yake Siti alitembelewa na mwandishi Shaaban Robert (1909–1962), ambaye alizungumza naye na kukusanya habari zake. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Kutokana na mazungumzo hayo Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958 na baadaye kutolewa kama kitabu. Ni miongoni mwa wasifu wa mwanzo katika fasihi ya kisasa ya Kiswahili, na mhusika wake mkuu ni mwanamke asiyekwenda shule. Kitabu hicho kilisomwa na wanafunzi wengi wa Tanzania, na kupitia kwake vizazi vilivyozaliwa baada ya santuri kutoweka vilimjua Siti.

Urithi

Katika muziki, Siti aliwafungulia njia waimbaji wanawake waliomfuata. Anayejulikana zaidi ni Fatuma binti Baraka, maarufu kama Bi Kidude (aliyefariki 17 Aprili 2013), ambaye alijifunza kwa kumsikiliza Siti na kuendelea kuziimba nyimbo zake, ukiwemo Kijiti.

Katika utetezi wa haki, jina lake lilichukuliwa na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA), kilichoanzishwa mwaka 1987. Chama hicho kililiita jarida lake Sauti ya Siti, na kikaandika juu ya ubakaji, vipigo vya majumbani, ndoa za utotoni na mimba za wanafunzi, mambo ambayo magazeti yalikuwa yakiyapitia juujuu au kuyaona kuwa ni siri za familia. TAMWA ilikuwa miongoni mwa asasi zilizoshinikiza kutungwa kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyoongeza adhabu kwa wabakaji na kwa wanaowanajisi watoto katika Tanzania Bara.

Kati ya santuri za Bombay na sheria hiyo ilipita miaka 70. Kesi zinazofanana na ile ya Kijiti hazijaisha: bado wapo watuhumiwa wanaotoroka, mashahidi wanaotishwa, na familia zinazomaliza shauri la mtoto aliyeharibiwa kwa kulipana fedha nje ya mahakama. Wanaosimama kuyasema hayo, mijini na vijijini, wanafanya kazi aliyoianza mfinyanzi wa Fumba kwa sauti yake.