Kaluta Amri Abedi: Mtoto wa Ujiji, meya wa Dar na waziri wa enzi za viboko 24

Ukitaja jina la Sheikh Amri Abeid leo, vijana wengi watakuambia ni uwanja wa mpira, ule wa Arusha. Hawajakosea. Ila mwenye jina hakuwa mchezaji wala hakuwa mtu wa Arusha. Alikuwa mtoto wa Ujiji, mshairi, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na waziri aliyefariki akiwa na miaka 40 tu.

Jina lake kamili ni Kaluta Amri Abedi. Alizaliwa mwaka 1924.

Ujiji ya utoto wake haikuwa tena Ujiji ya misafara, lakini alama zilikuwapo kila kona. Hapo ndipo ilipoishia njia ndefu iliyoanzia Bagamoyo, njia ya pembe za ndovu na ya watu waliofungwa minyororo. Waha walikuwapo, wakaja Wamanyema, Wagoma na Wabwari kutoka ng'ambo ya ziwa, wakaja na watu wa pwani. Wengine walifika kama wafanyabiashara, wengine walifikishwa kwa nguvu. Wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wakajikuta mtaa mmoja, msikiti mmoja, kisima kimoja. Mji wa aina hiyo usipokuwa na mahali pa kumalizia ugomvi, unawaka. Kilichowaweka pamoja zaidi ni Kiswahili.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na biashara ikahamia huko bandarini. Ujiji ikabaki na miembe yake, madrasa zake na watu wanaojua lugha. Kaluta alikulia humo.

Alisoma Tabora, kisha akawa mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya. Alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi ya tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1953, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Hicho ndicho kitabu ambacho washairi wanakirudia mpaka leo wanapobishana kuhusu vina na mizani. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Rabwah, Pakistan, kusoma dini.

Mwaka 1960 akavaa mkufu wa umeya wa Dar es Salaam.

Dar ya wakati huo ilikuwa inafurika. Sensa ya 1957 ilihesabu watu 128,742. Miaka kumi baadaye walikuwa zaidi ya 270,000. Vijana walishuka kwenye treni na mabasi kila siku, wanatoka Kigoma, Tabora, Songea, Lindi, wakielekea Kariakoo, Ilala na Magomeni kwa ndugu na jamaa. Kazi zilikuwa chache. Asiyepata kazi alilala kwa ndugu, ndugu akichoka analala barazani, na mwishowe wengine wakawa vibaka.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na dawa moja: msako. Askari waliingia mitaani usiku, wakagonga milango na kudai risiti ya kodi. Usipokuwa nayo, wala kazi, unaitwa mhuni na unarudishwa kwenu. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa iliwapa nguvu hiyo. Kijana wa Kigoma alipakiwa kwenye treni, akasafiri zaidi ya kilometa 1,200, akashuka mwisho wa reli, akakaa wiki chache na kupanda tena treni ile ile. Hapo ni rahisi kuona tatizo. Msako ulimwondoa mtu, haukuondoa kilichomleta.

Cha kusikitisha, baada ya uhuru serikali mpya iliendelea na misako hiyo, safari hii kwa jina la kujenga taifa na kurudi shambani. Mambo yaliyobadilika ni mengine. Julai 1963 likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa, na mzururaji wa mjini akawa na mahali pa kupelekwa ambapo angefundishwa kazi.

Baada ya umeya, Kaluta alikuwa mkuu wa mkoa wa Magharibi, makao yake Tabora, eneo lililokuwa pamoja na nyumbani kwao Kigoma. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria.

Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini, na hapa ndipo wazee wanapotikisa kichwa. Mtu akipatikana na hatia ya makosa yaliyotajwa humo, kama unyang'anyi, kuvunja nyumba usiku, wizi wa mifugo au rushwa, alifungwa si chini ya miaka miwili na kuchapwa viboko 24. Kumi na mbili siku ya kuingia gerezani, kumi na mbili siku ya kutoka. Mitaani watu walimalizia kwa utani kwamba hivyo vya mwisho ni vya kwenda kumwonyesha mke.

Hakimu hakuwa na nafasi kubwa ya kupunguza. Kulikuwa na mlango mdogo tu kwa mkosaji wa mara ya kwanza aliyeiba mali isiyozidi shilingi 100, tena kwa sababu maalumu. Nchi ilikuwa change, wananchi walikuwa wamechoka kuibiwa, na serikali ilitaka kuonyesha kwamba haina mchezo. Inaeleweka. Lakini fimbo inamfikia mwizi baada ya nyumba kuvunjwa.

Kazi nyingine ya wizara yake mwaka huo haikupigiwa kelele, na ndiyo iliyogusa maisha ya watu wengi zaidi. Enzi za ukoloni kulikuwa na mahakama za wenyeji upande mmoja, chini ya machifu na watawala, na mahakama za serikali upande mwingine. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ilizifuta zile za wenyeji na kuweka ngazi moja kwa watu wa rangi zote: mahakama ya mwanzo, ya wilaya na ya hakimu mkazi. Ilianza kutumika mwaka 1964. Mahakama ya mwanzo ikaendeshwa kwa Kiswahili, jambo ambalo mshairi huyu wa Ujiji alilisukuma kwa nguvu.

Faida yake anaijua yeyote aliyewahi kuona watu wakikatana mapanga kwa sababu ya mpaka wa shamba, mahari ambayo haijarudishwa, au mbuzi aliyekula mihogo ya jirani. Damu nyingi humwagika kwa mambo madogo yaliyokosa pa kusikilizwa. Ukiwa na hakimu karibu, anayesema lugha yako, na hulazimiki kuwa na wakili, unakwenda kwake kabla hujashika panga.

Mwaka huo pia zilitangazwa sheria za mila zilizokusanywa na kuandikwa ili wilaya nyingi zifuate utaratibu mmoja kwenye ndoa, mahari na urithi. Humo kuna doa. Mabinti waliwekwa nyuma kwenye urithi wa ardhi ya ukoo, na mpaka leo wajane na mabinti wanapigana na vifungu hivyo mahakamani.

Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito waliasi. Dar ikapoteza utulivu kwa siku chache, maduka yakavunjwa Kariakoo na Magomeni, watu wakauawa. Uasi ulizimwa Januari 25 kwa msaada wa wanajeshi wa Uingereza.

Baadaye mwaka huo Kaluta alipewa wizara ya Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Kwa mtu wake, pengine hiyo ndiyo iliyomfaa kuliko zote: madarasa ya watu wazima, kazi za kujitegemea, lugha, ngoma na michezo. Hakupata muda. Aliugua, na Oktoba 9, 1964 akafariki mjini Bonn, Ujerumani Magharibi.

Sheria ya viboko ilifutwa mwaka 1972, ikaandikwa nyingine isiyo na viboko lakini yenye vifungo virefu zaidi. Mwaka 1989 viboko vikarudi.

Mahakama za mwanzo hazikuwahi kufutwa. Ujiji wanayo ya kwao, na kesi za mipaka, madeni na ndoa zinasikilizwa humo kwa Kiswahili.